Mfuma Nguo Aliyechora Ndege

Wanapotajwa wachoraji wa ndege wa Marekani, wengi humfikiria John James Audubon. Mimi humfikiria aliyemtangulia, Alexander Wilson. Alizaliwa mwaka 1766 huko Paisley, Uskochi, akawa mfuma nguo. Shairi la kumkashifu tajiri mmoja wa kiwanda lilimtia gerezani, na mwaka 1794 akahamia Marekani. Huko alifundisha shule karibu na Philadelphia, na jirani yake William Bartram, mtaalamu wa mimea, akamtia moyo achore ndege.

Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1808. Juzuu zote pamoja bei yake ilikuwa dola 120, fedha nyingi kwa wakati ule, naye alizunguka mji hadi mji akitafuta wanunuzi. Mwaka 1810 alishuka mto Ohio peke yake kwa mashua ndogo. Alifariki mwaka 1813 akiwa na umri wa miaka 47. Juzuu mbili za mwisho, kati ya tisa, zilitolewa na rafiki yake George Ord.

Wahenga walisema kutangulia si kufika, na kweli sifa zilikwenda kwa Audubon. Lakini kwangu Wilson alifika. Kule Kentucky alikadiria kundi moja la njiwa wahamaji kuwa zaidi ya bilioni mbili. Binadamu waliwamaliza, wa mwisho alikufa mwaka 1914 katika bustani ya wanyama ya Cincinnati. Tukiuliza leo tumepoteza nini, mtu huyu asiye na mali ametuachia sura yao na hesabu yao.