Sumaku isiyo na faida?

Kila likizo mjomba ananiuliza, "Hiyo fizikia ina faida gani?" Jana usiku maktaba nimepata cha kumjibu.

Mwaka 1845 Faraday alipitisha mwanga ndani ya kioo kizito kilichowekwa kwenye sumaku ya umeme, mtetemo wa mwanga ukageuka. Mwaka 1877 Kerr akaripoti mgeuko kama huo kwenye mwanga unaoakisiwa na sumaku.

Kuna antiferomagneti: sumaku za atomu zake zinatazama kinyume, zinafutana, matokeo sare. Louis Néel alizieleza, akapewa Nobeli mwaka 1970. Kwenye hotuba yake alisema zinavutia kinadharia, ila hazionekani kuwa na matumizi. Mwenyewe jamani!

Basi mwaka 2018 watafiti Marekani wakachukua tabaka mbili nyembamba mno za kromiumu triayodidi, zinazofutana, kwenye baridi kali. Wakabadilisha volti tu. Umeme ukavunja ile sare, na mgeuko wa Kerr ukafuata volti hata bila sumaku ya nje.

Kwa hiyo mjomba, subira. Hata Néel hakuiona faida. Haya, kesho nina testi, tuombeane!