Ngome ya Izborsk: Baina ya Tarihi na Jiwe

Hoja ya makala haya ni kwamba ngome ya mpakani hujengwa mara mbili: kwa mawe na kwa maneno. Izborsk, iliyo karibu na mji wa Pskov kaskazini-magharibi mwa Urusi, inatajwa katika tarihi kongwe ya Warusi chini ya mwaka 862. Twaelezwa kwamba ndugu watatu, Rurik, Sineus na Truvor, waliitwa kutoka ng'ambo ya bahari waje kutawala, na Truvor akaketi Izborsk. Tarihi hiyo, hata hivyo, ilitungwa mwanzoni mwa karne ya 12, takriban miaka 250 baadaye. Wapo waliodai kuwa Sineus na Truvor si watu, bali ni maneno ya Kiskandinavia yaliyosomwa vibaya, yaani "jamaa yake" na "walinzi waaminifu". Wanaisimu wamelipinga dai hilo. Lakini mjadala wenyewe wathibitisha kuwa mwanzo wa mji huu tumeupokea kupitia kalamu ya mtunzi.

Jiwe nalo lina habari zake. Wapiganaji wa Livonia waliiteka Izborsk mwaka 1233 na tena 1240. Mwaka 1303 ngome ilihamishiwa kilima cha Zheravya, na mnamo 1330 ikajengewa kuta za mawe, ambazo zilistahimili mazingiro kadhaa katika karne hiyo.

Kilichoishinda ngome hii hatimaye ni maneno. Mwezi Januari 1569, wakati wa Vita vya Livonia, kikosi cha Lithuania kilichoandamana na Timofei Teterin, Mrusi aliyekuwa ameasi, kilifika langoni kikijisingizia kuwa oprichniki, askari wa kutisha wa Tsar Ivan wa Nne. Kiliamuru lango lifunguliwe, nalo likafunguliwa. Kwa maoni yetu, hofu aliyoipanda Tsar mwenyewe ndiyo iliyompa adui ufunguo: nani angethubutu kumtaka askari wa namna hiyo ushahidi? Ngome ilirejeshwa upesi, lakini shaka ya mtawala ilizidi, na mwaka 1570 Novgorod ikaonja ghadhabu yake.

Mwaka 2012 Urusi iliadhimisha miaka 1150 ya Izborsk, na kuta zikakarabatiwa. Hesabu hiyo haikutoka katika jiwe lolote. Ilitoka katika sentensi moja ya tarihi. Kwa hiyo kazi ya kuihakiki sentensi hiyo si ya mwanahistoria peke yake. Ni ya mhakiki wa fasihi pia.