Hatari Isiyounguza: Historia ya Ulinzi wa Watayarishaji wa Dawa za Saratani, 1917–2004

Utangulizi

Historia ya tibakemikali huandikwa mara nyingi kama historia ya watu wawili: daktari anayegundua na mgonjwa anayepona au kufariki. Mtu wa tatu husahaulika. Huyu ni muuguzi au mfamasia anayeyeyusha unga wa dawa ndani ya kichupa, anayevuta dawa kwa bomba la sindano, anayefunga dripu na baadaye kumwaga mkojo wa mgonjwa. Insha hii inamweka mtu huyo katikati ya maelezo. Inadai kwamba kuchelewa kumlinda hakukutokana na kutojulikana kwa sumu ya dawa hizo, kwa kuwa sumu hiyo ilijulikana kabla hazijaitwa dawa. Kulitokana na mazoea ya kupima hatari kwa jicho: kilichounguza ngozi kiliogopwa, na kisichounguza kilichukuliwa kuwa salama.

Asili ya dawa katika silaha

Mnamo Julai 1917, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilitumia kwa mara ya kwanza makombora ya gesi ya haradali. Licha ya jina lake, kemikali hiyo ni kimiminika kizito kinachotoa mvuke. Askari aliyeguswa nayo hakuhisi maumivu mara moja; malengelenge, upofu wa muda na madhara ya mapafu vilijitokeza baada ya saa kadhaa. Mwaka 1919, Edward na Helen Krumbhaar walichapisha uchunguzi wao juu ya waathirika wa gesi hiyo na kuonesha kwamba seli nyeupe za damu zilikuwa zimepungua mno na uboho ulikuwa umeharibika. Ngozi, basi, haikuwa shabaha pekee ya sumu hii.

Katika Vita Kuu ya Pili, Louis Goodman na Alfred Gilman wa Chuo Kikuu cha Yale walipewa kazi ya kuchunguza haradali ya nitrojeni, kemikali inayofanana na gesi ya haradali isipokuwa nitrojeni imechukua nafasi ya salfa. Walifikiri kwamba kitu kinachoangamiza seli zinazogawanyika upesi, kama zile za uboho na tezi za limfu, kingeweza pia kuangamiza uvimbe wa saratani. Agosti 1942 mgonjwa wa kwanza mwenye saratani ya tezi za limfu alianza kupewa dawa hiyo. Uvimbe wake ulinywea, kisha ukarudi, na hatimaye alifariki. Kwa sababu ya siri ya vita, matokeo hayo hayakuchapishwa hadi 1946.

Katikati ya miaka hiyo lilitokea tukio la Bari. Usiku wa tarehe 2 Desemba 1943, ndege za Ujerumani zilishambulia bandari hiyo ya Italia na kuizamisha meli ya Marekani, John Harvey, iliyokuwa imebeba kwa siri mabomu ya gesi ya haradali. Zaidi ya wanajeshi na mabaharia 600 walilazwa hospitalini kwa madhara ya sumu hiyo, na zaidi ya 80 kati yao walifariki, mbali na raia wa mji ambao hesabu yao haikutunzwa vizuri. Daktari wa jeshi, Stewart Alexander, alitambua chanzo cha vifo hivyo na kueleza katika ripoti yake jinsi seli nyeupe za damu zilivyoporomoka. Tukio hili lina funzo jingine linaloihusu mada hii moja kwa moja. Wahudumu hawakujua walichokuwa wakikishughulikia, na majeruhi wengi waliachwa kwa muda mrefu wakiwa na nguo zilizolowa mafuta yenye sumu. Siri iliyofichwa kwa mhudumu iliwagharimu wagonjwa pia.

Hatari inayoonekana na hatari isiyoonekana

Haradali ya nitrojeni iliidhinishwa kuwa dawa nchini Marekani mwaka 1949. Kwa kuwa iliunguza ngozi na kuharibu mshipa ilipovuja, watumiaji walielekezwa kuvaa glavu na kuisafisha mabaki yake kwa myeyusho wa sodiamu thiosulfeti. Tahadhari hiyo ilifaa, lakini msingi wake ulikuwa mwembamba. Ilijengwa juu ya uwezo wa dawa kuunguza, si juu ya uwezo wake wa kujishikiza kwenye DNA na kuharibu vinasaba.

Udhaifu wa msingi huo ulidhihirika ilipokuja saiklofosfamaidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1959. Dawa hii ni ya ukoo uleule wa haradali, lakini imeundwa kwa namna ambayo inabaki tulivu mpaka ibadilishwe na vimeng'enya vya ini. Ikidondokea mkononi, haiachi lengelenge. Hapo ndipo mazoea yalipopotosha: utulivu wa dawa juu ya ngozi ulichukuliwa kuwa dalili ya usalama, ilhali dawa iliyopenya ngozini au kuvutwa kwa pumzi hufika kwenye ini la muuguzi kama inavyofika kwenye ini la mgonjwa.

Mafanikio ya tiba yaliongeza imani hiyo. Huko Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya za watoto ambao leo unabeba jina lake. Upasuaji peke yake haukuweza kuushinda. Katika miaka ya mwanzo ya 1960, dawa kama methotreksati na saiklofosfamaidi zilionesha kwamba baadhi ya watoto hao waliweza kupona kabisa, na mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Afrika Mashariki, kwa hiyo, ilikuwa miongoni mwa mahali ambapo tibakemikali ilithibitisha uwezo wake. Dawa inayomrudishia mtoto uhai si rahisi kutazamwa kama sumu kwa yule anayeitayarisha.

Ushahidi wa mkojo

Katika miaka ya 1960 na 1970, wauguzi wa hospitali nyingi za Ulaya na Marekani walitayarisha dawa hizi wodini, juu ya meza ya kawaida. Sindano inapochomolewa kwenye kichupa chenye shinikizo, matone madogo mno hurushwa hewani bila kuonekana. Hata kabati la hewa lililotumika katika baadhi ya famasia lilikuwa tatizo, kwa kuwa lilisukuma hewa safi kwa mlalo, kutoka nyuma ya kabati kuelekea usoni pa mtayarishaji. Lilikuwa limebuniwa kuikinga dawa dhidi ya vijidudu vya mtu, si kumkinga mtu dhidi ya dawa.

Mabadiliko yalianza mwaka 1979, pale Kai Falck na wenzake nchini Finland walipochapisha matokeo ya vipimo vya mkojo wa wauguzi walioshughulikia dawa za saratani. Kwa kutumia bakteria, walionesha kwamba mkojo huo ulikuwa na uwezo wa kubadili vinasaba kuliko mkojo wa watu wasiogusa dawa hizo. Mwaka 1982, watafiti wa Houston, Marekani, walipata matokeo kama hayo kwa wafamasia waliotumia kabati la hewa ya mlalo. Walipohamia kwenye kabati ambalo hewa yake hushuka wima na kunyonywa ndani, dalili hiyo haikuonekana tena. Mwaka 1985, Sherry Selevan na wenzake walichapisha utafiti wa wauguzi wa hospitali 17 za Finland, uliohusisha kushika dawa hizo katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito na kuharibika kwa mimba.

Ushahidi huu haukukosa wakosoaji. Walieleza kwamba mkojo wenye uwezo wa kubadili vinasaba vya bakteria si sawa na saratani, na kwamba uvutaji wa sigara huweza kuvuruga vipimo. Hoja hizo zina uzito, lakini matokeo ya Houston yanazipunguza nguvu: watu walikuwa walewale na dawa zilikuwa zilezile, kilichobadilika ni mwelekeo wa hewa.

Kutoka desturi hadi kanuni

Mwaka 1986, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani ilitoa mwongozo juu ya dawa hizi, na mwaka 2004 taasisi ya taifa ya utafiti wa usalama na afya kazini ya nchi hiyo ikatoa tahadhari pana zaidi. Mambo makuu yaliyokubalika ni kabati la hewa ya wima, glavu jozi mbili zinazobadilishwa mara kwa mara, gauni lisilopenya maji, vifaa vya kusafishia dawa iliyomwagika, taka kutengwa, na tahadhari katika kushika mkojo na matapishi ya mgonjwa kwa takribani saa 48 baada ya dozi. Barakoa ya kawaida ya upasuaji haikuhesabiwa kuwa kinga, kwa kuwa haizuii mvuke wala chembe ndogo za dawa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, nalo, limeiweka saiklofosfamaidi katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Hitimisho

Tangu Krumbhaar hadi Falck ilipita miaka 60. Katika muda huo hapakukosekana ujuzi wa sumu; kilichokosekana ni swali la nani mwingine anaguswa nayo. Mgonjwa hupewa dawa hizi kwa kipimo, kwa muda maalumu na kwa matumaini ya kupona. Muuguzi huzipokea kidogo kidogo kwa miaka mingi, bila kipimo na bila faida yoyote mwilini. Kwa nchi zinazopanua huduma za saratani, zikiwamo za Afrika Mashariki, historia hii ina maana ya kiutendaji. Kabati la usalama, famasia iliyotengwa na mafunzo ya wahudumu, pamoja na wafagizi na wafuaji, ni sehemu ya gharama ya dawa yenyewe. Bajeti inayonunua vichupa peke yake inarudia kosa la kudhani kwamba kisichounguza hakidhuru.