Lugha za Kigeni katika Chuo cha Kijeshi: Kifaransa, Kihispania na Kiingereza huko West Point

Aghalabu sisi tunaofundisha lugha hudhani kwamba lugha ya kigeni huingia darasani kwa sababu ya utajiri wa fasihi yake au wingi wa wasemaji wake. Historia ya vyuo vya kijeshi yatuonyesha sababu nyingine. Makala haya yanachunguza chuo cha West Point, Marekani, ambako vijana huishi bwenini chini ya amri za kijeshi, ili kuonyesha jinsi vita vilivyoamua lugha ya kusomwa, na jinsi mbinu ya kufundishia ilivyochelewa kuyafuata mabadiliko hayo.

Chuo hiki kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1802. Mwaka uliofuata, sheria nyingine iliruhusu kuajiriwa kwa mwalimu wa Kifaransa pamoja na mwalimu wa uchoraji. Haja ilikuwa wazi. Elimu ya kujenga ngome, ya mizinga na ya hisabati ya juu ilikuwa imeandikwa kwa Kifaransa, na vitabu vya Kiingereza vya kiwango hicho vilikuwa haba. Sylvanus Thayer, aliyekiongoza chuo kuanzia 1817 hadi 1833, alikuwa amekwenda Ulaya kutazama vyuo vya Kifaransa na kununua vitabu. Claudius Crozet, aliyekuwa ofisa katika jeshi la Napoleon, alifika mwaka 1816 kufundisha uhandisi, akaona kwamba hakukuwa na kitabu cha Kiingereza cha kufundishia tawi la jiometria alilolihitaji. Mwaka 1821 alitoa kitabu chake mwenyewe.

Kwa hiyo Kifaransa kilikuwa ufunguo wa maktaba. Claudius Berard, aliyekifundisha kwa miaka mingi, aliwasomesha kadeti matini kama *Gil Blas* na historia ya Charles wa Kumi na Mbili iliyoandikwa na Voltaire. Kadeti walipangwa katika vikundi vidogo kwa kadiri ya alama zao. Kila siku waliitwa kujibu, wakapewa alama. Edgar Allan Poe, aliyekaa hapo muda mfupi kati ya 1830 na 1831, alikuwa wa tatu darasani katika Kifaransa. Ulysses Grant, aliyehitimu 1843 na baadaye akawa rais, alikiri katika kumbukumbu zake kwamba nafasi yake katika somo hilo ilikuwa ya chini sana. Hata hivyo, wote wawili walipimwa kwa kipimo kimoja: kuelewa maandishi na kuyatafsiri. Kuzungumza hakukuwa shabaha kuu, na kwa lengo lililowekwa hapana budi kukubali kwamba mbinu hiyo ilifaa.

Kasoro ilijitokeza vita na Meksiko vilipozuka mwaka 1846. Maofisa waliofundishwa lugha ya vitabu vya Paris walijikuta miongoni mwa watu wasemao Kihispania. Thomas Jackson, aliyehitimu mwaka huohuo, alijifunza Kihispania kwa juhudi zake mwenyewe alipokuwa katika mji mkuu wa Meksiko baada ya kutekwa. Mkataba wa 1848 uliipa Marekani maeneo makubwa, yakiwamo California na New Mexico, yenye wakazi wa lugha hiyo. Sasa lugha ya jirani ilikuwa imekuwa lugha ya baadhi ya raia.

Kihispania kiliingizwa katika masomo ya chuo wakati muda wa kusoma ulipoongezwa kuwa miaka mitano mwaka 1854, na mwaka 1857 Patrice de Janon akawa profesa wake. Lakini mtindo wa kufundisha ulibaki uleule wa sarufi na tafsiri. Lugha ya kusemezana na watu ilifundishwa kana kwamba ni lugha ya kufungulia vitabu.

Vita vya 1898 vililifanya tatizo hili kuwa kubwa zaidi, kwani Marekani ilizitwaa Puerto Rico na Ufilipino kutoka kwa Hispania, na kwa muda ikaikalia Kuba. Huko Ufilipino Kihispania kilijulikana na tabaka dogo la wasomi na wenye mali. Umma ulisema Kitagalogi, Kiilokano, Kisebuano na lugha nyinginezo. Ofisa aliyekuja na Kihispania alikuwa na lugha ya mtawala aliyeondoka. Aliweza kuongea na wakubwa. Mkulima alibaki nje ya mazungumzo.

Upande wa pili wa historia hii ni wa wale ambao kwao Kiingereza ndicho kilichokuwa kigeni. Antonio Barrios wa Guatemala alihitimu West Point mwaka 1889. Sheria ya 1908 iliwafungulia Wafilipino mlango, na Vicente Lim akawa wa kwanza wao kuhitimu, mwaka 1914. Lim alizaliwa Calamba, katika nchi ya Watagalogi. Kwa vijana kama hawa kila somo, liwe la hisabati au la mizinga, lilikuwa pia mtihani wa lugha. Mwenzao Mmarekani aliyeshindwa katika lugha ya kigeni alipoteza alama za somo moja. Wao wangalishindwa katika Kiingereza, wangalipoteza yote.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili jeshi la Marekani lilisisitiza mafunzo ya kusema na kusikiliza, na katika miongo iliyofuata Kirusi, Kichina na Kiarabu vilipata nafasi West Point. Kila lugha iliyoongezwa yaweza kusomwa kama alama katika ramani ya hofu na maslahi ya taifa.

Jambo hili si geni kwetu. Maofisa Waingereza wa K.A.R. walitakiwa kujifunza Kiswahili ili waweze kuwaamuru askari wao, na amri ina msamiati wake mfupi. Kabla ya kuuliza ni mbinu ipi iliyo bora, basi, yatupasa kuuliza mwanafunzi anataka kusoma, kuamuru, au kusikiliza. West Point ilichelewa kuuliza swali hilo, na gharama ya kuchelewa huko iliwaangukia pia watu ambao hawakuwahi kuingia darasani mwake.