Ulaini wa Mwendo: Istilahi Moja na Malori ya Kale ya Marekani

Asomaye maandishi ya wapenzi wa malori makubwa ya kale ya Marekani, khasa yale yaliyoundwa baina ya miaka ya 1940 na 1970, hukutana mara kwa mara na istilahi moja itajwayo kana kwamba maana yake ni dhahiri kwa kila mtu, nayo ni ile tunayopendekeza iitwe kwa Kiswahili ulaini wa mwendo, yaani kadiri ambavyo gari huipunguza mishtuko ya barabara kabla haijamfikia dereva na shehena yake. Mtu angeweza kusema starehe ya mwendo, wala hatutamlaumu, ila starehe ni ya binadamu peke yake, ilhali mayai, vioo na matunda navyo vina haki yao katika jambo hili, fauka ya fremu ya lori lenyewe, ambayo ikitikiswa miaka mingi hupasuka.

Ulaini huo haupimiki pasipo kutaja mzigo, na hapa ndipo mabishano mengi ya wapenzi hao yanapopotea njia. Sheria ya Marekani ya 1956 iliruhusu ekseli pacha za nyuma zibebe ratili 32,000, takriban kilo 14,500, katika barabara kuu za shirikisho, na springi iliyokusudiwa kuhimili uzani kama huo haina budi kuwa ngumu. Tuseme imezama sentimita 6 lori likiwa limejaa. Lori hilo litanesa kama mara 2 kwa sekunde, jambo la kuvumilika. Pakua shehena hata ibakie robo tu ya uzani ule juu ya springi, nayo springi ile ile sasa imezama sentimita moja na nusu, lori litanesa mara 4 kwa sekunde, na masaibu ya dereva yataanzia hapo, kwa kuwa kiwiliwili cha mtu aliyeketi huudhika zaidi kwa mitikisiko ya juu na chini iliyo baina ya mara 4 na 8 kwa sekunde.

Magnus Hendrickson, aliyeasisi kampuni yake ya malori mjini Chicago mwaka 1913, alileta mnamo 1926 ufundi ambao Wamarekani huupa jina lenye maana ya boriti itembeayo, na ambao sisi twaona afadhali uitwe boriti ya mizani, maadamu jina hilo laeleza kazi yake: boriti nene ya chuma kila upande wa lori, imeshikwa katikati chini ya springi, ncha moja juu ya ekseli ya mbele na nyingine juu ya ekseli ya nyuma, ili gurudumu moja likipanda, jingine lisipoteze sehemu yake ya uzani. Faida ya pili ni ya hisabati nyepesi: gurudumu likipanda jiwe la sentimita 10, katikati ya boriti hupanda sentimita 5 tu, hata kabla springi haijafanya lolote. Wachukuzi wa magogo, kokoto na zege waliipenda, na kwa haki, kwani katika ardhi mbovu magurudumu yote huendelea kukanyaga chini. Lakini boriti yenyewe ni nzito na iko chini ya springi, kwa hiyo uzito wake hutingishwa na kila shimo. Na lori likiwa tupu juu ya lami iliyopasuka, dereva hurushwa kitini hata asiweze kushika kikombe cha kahawa.

Kampuni ya Mack ilishika njia nyingine, ikafanya mabamba ya springi yenyewe yawe ndiyo boriti: yamepinda kwa juu mfano wa nundu ya ngamia, na kweli ndivyo walivyoyaita, yakishikwa katikati, na ncha zikafungwa kwenye ekseli kwa vipande vya mpira. Ni kazi ya kudumu, lakini mabamba mengi hukwaruzana, na lori la kale lililosimama uani miaka mingi hukutwa mabamba yake yameshikana kwa kutu, hata lisinese kwa springi ila kwa tairi tupu. Aghalabu anayelaani ufundi wa Mack au wa Hendrickson leo hulaani kutu na mpira uliokauka, wala hajui.

Mifuko ya upepo, iwekwayo mahali pa springi za chuma, ndiyo iliyotatua shauri la mzigo. Mabasi ya General Motors yaliyoendeshwa na kampuni ya Greyhound yalikuwa nayo tangu 1953, na malori yakafuata polepole. Vali ndogo huongeza upepo shehena ikiongezeka na kuutoa ikipungua, ili kimo cha gari kisibadilike, na kwa kuwa ugumu wa mfuko hufuata shinikizo lililomo, idadi ya kunesa hubakia karibu ile ile, lori likiwa limejaa au tupu. Kwa hiyo anayenunua lori la kale kwa kubeba magogo, na achukue boriti ya mizani bila ya majuto; anayelitaka kwa maonyesho, akilipeleka tupu maili mia tatu na kulirudisha tupu, na atafute lenye mifuko ya upepo, au kwanza ayafungue mabamba yake, ayasugue kutu, abadilishe mipira, ndipo atoe hukumu.