Stelingi wa Lime Cay

Lime Cay ni kisiwa kidogo cha mchanga nje ya bandari ya Kingston, Jamaika. Tarehe 9 Oktoba 1948 polisi walimzingira hapo mtoro mmoja, Vincent Martin, wakamuua kwa risasi. Jina lake jingine lilikuwa Ivanhoe. Mitaani walimwita Rhyging, neno la patwa, lugha ya Wajamaika, la kumtaja mtu anayewaka, asiyeshikika. Anayetaka kuielewa filamu ya The Harder They Come inambidi aanzie hapa, miaka 24 kabla haijaonyeshwa.

Martin alitoka Linstead, mashambani, akaingia Kingston kama walivyoingia maelfu ya vijana wenzake. Akawa mwizi, akafungwa, na Aprili 1948 akatoroka gereza kuu. Agosti ilipokuwa inaisha, polisi walimfuata usiku katika hoteli moja ya Hannah Town. Alifyatua risasi, akapenya, nyuma yake askari mmoja akiwa amekufa. Muda mfupi baadaye akamuua na mwanamke. Serikali ikatangaza zawadi ya pauni 200 kwa atakayesaidia kumkamata. Kisha kuna ile picha: kijana amesimama mbele ya kamera, bastola mbili mikononi, kama kaboi wa sinema.

Sitaki kumpamba. Alikuwa muuaji, na waliouawa walikuwa na ndugu waliowalilia. Lakini kila nikiitazama picha ile najiuliza ni njaa gani inayomfanya mtu anayesakwa na dola nzima ajipange vizuri apigwe picha. Nadhani ni njaa ya kuonekana, ya mtu ambaye mji ulimpita kila siku bila kumtazama.

Perry Henzell, mwongozaji wa The Harder They Come, alikuwa mtoto wa miaka 12 Rhyging alipouawa. Alikuwa Mjamaika mweupe wa familia ya wenye mashamba, akasoma Uingereza, akarudi nyumbani kutengeneza matangazo ya biashara. Yeye na mwandishi wa tamthilia Trevor Rhone walimchukua Rhyging wakamleta katika Jamaika ya mwanzo wa miaka ya 1970, nchi iliyokuwa huru tangu 1962 na bado ilikuwa na vibanda vya mabati kando ya majumba ya kifahari. Wakambadilishia jambo moja tu kubwa: badala ya mwizi, Ivan wao anakuja mjini kuwa mwimbaji. Uamuzi huo ndio ulioibeba filamu nzima. Uhusika akapewa Jimmy Cliff, mtoto wa Somerton, aliyewahi yeye mwenyewe kutoka mashambani kwenda Kingston kutafuta wa kumrekodi.

Naomba tukae kidogo kwenye baiskeli. Ivan anaokota vyuma chakavu katika uwanja wa mhubiri aliyempa hifadhi, anavifunga kimoja kimoja mpaka anapata baiskeli yake. Mwanamume mwingine wa hapohapo anadai ni yake. Wanashikana, kisu kinachomoka, na hakimu anamhukumu Ivan kuchapwa kwa fimbo za mkwaju. Mkwaju huohuo tunaoukamulia juisi! Kamera haigeuki pembeni. Tunaona mwili unavyotetemeka, na aibu inayoupata.

Baada ya hapo anaingia studio, anaimba wimbo wake, na kila aliye chumbani anajua kwamba huo wimbo utapendwa. Mwenye studio, bwana Hilton, anampa dola 20. Ivan anakataa, anajaribu kuizungusha santuri mwenyewe, na kila mlango umefungwa, maana wapiga santuri wote wamo mkononi mwa Hilton. Anarudi, anatia saini. Hakuna kofi linalopigwa katika tukio hilo, lakini kwangu mimi ndilo lenye ukatili kuliko yote. Kutoka hapo hadi biashara ya bangi, ambayo polisi wenyewe wanakula fungu lake, ni hatua chache tu. Wimbo unapanda chati siku Ivan anapokuwa jambazi anayesakwa, na Hilton anavuna.

Turudi nyuma hadi usiku mmoja, Ivan bado mgeni mjini, ndani ya sinema ya Rialto. Watu wanatazama Django, filamu ya kaboi ya Kiitalia. Adui wamejaa, na mtazamaji mmoja anamtuliza mwenzake kwa hoja ambayo hakuna aliyekulia sinema za Dar es Salaam au Zanzibar miaka hiyo atakayehitaji kutafsiriwa: stelingi, yaani shujaa wa filamu, hafi kabla ya mwisho. Sisi tulisema stelingi hafi, basi. Wajamaika waliongeza ule mwisho, na mwisho ndio uliomsubiri Ivan.

Filamu ilizinduliwa Juni 1972 katika ukumbi wa Carib, Kingston. Umati ulikuwa mkubwa kiasi kwamba milango ilivunjwa. Hiyo ndiyo ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Wajamaika wenyewe. Watu walikuwa wanajiona, na wanajisikia wakisema patwa yao, lugha waliyokatazwa shuleni. Nchini Marekani filamu ilibidi iwekewe maandishi ya chini. Huko Brixton, London, Henzell aligawa vipeperushi kwa mikono yake. Santuri ya nyimbo za filamu, yenye Jimmy Cliff, Desmond Dekker, The Maytals na The Melodians, iliifikisha rege katika nyumba ambazo hazikuwahi kuisikia. Wengi wetu tuliujua Rivers of Babylon kwa Boney M mwaka 1978. Umo humo, umeimbwa na wenyewe The Melodians. Njia aliyopita Bob Marley mwaka 1973 ilikuwa imeshafyekwa.

Mwishoni Ivan anaogelea kuifuata meli ya kwenda Cuba, anaikosa ngazi, anarudi ufukweni. Wenye bunduki wanakuja. Anatoka na bastola mbili, anataka apigane na mmoja wao, mtu kwa mtu. Kati ya milio, Henzell anaturudisha Rialto, kwa watazamaji wanaocheka na kushangilia. Ufukwe wenyewe ni wa Lime Cay.

Jimmy Cliff alifariki Novemba 2025, akiwa na miaka 81. Ukiipata filamu hii, itazame mara ya kwanza bila kusoma maandishi ya chini. Wasikilize kwanza wanavyozungumza.