Damu Nyingi, Maiti Hakuna

Nimestaafu ukarani wa mahakama, na jalada la mauaji bado nalisoma kwa swali lile lile: maiti iko wapi? Katuni ya Fables ilinikamata hapo hapo. Bill Willingham ndiye aliyeiandika, Mfilipino Lan Medina akaichora, ikaanza kutoka Marekani mwaka 2002. Chumba cha Rose Red kimevurugwa, damu kila mahali, na ukutani muuaji kaandika kwamba raha mustarehe imekwisha. Maiti haipo.

Wahusika wa ngano wamefukuzwa makwao na adui, sasa wanaishi New York kwa kujificha. Kwa mkataba wao, makosa ya zamani yamesamehewa. Ndiyo maana mpelelezi ni Bigby, yule mbwa mwitu mla watu, kavaa koti refu na sigara haimbanduki mdomoni. Snow White, naibu meya, ni mtalaka wa Prince Charming, aliyelala na Rose Red, dada wa mkewe. Aliyepeleka taarifa ni Jack, yule aliyepanda mharage hadi mawinguni, mpenzi wa marehemu. Yupo pia Bluebeard, tajiri mwenye sifa ya kuchinja wake zake. Ningekuwa mimi, huyo angelala rumande usiku ule ule.

Bigby hakumkimbilia. Alitazama damu. Kumbe Rose Red alikuwa akitolewa damu kidogo kidogo na kuihifadhi, hadi ikatosha kumwaga chumba kizima. Alikuwa hai. Alikwishachukua mahari ya Bluebeard, fedha zikateketea katika kampuni ya intaneti ya Jack, na siku ya ndoa ikawa inakaribia.

Ujanja wa Willingham ulitokana na sheria pia. Bluebeard aliandikwa na Mfaransa Charles Perrault mwaka 1697. Snow White wa vibete yumo katika kitabu cha ndugu Grimm cha 1812. Dada wa Rose Red, katika Grimm hao hao, ni Snow White mwingine kabisa, wa hadithi nyingine. Willingham akawaunganisha Snow White hao wawili wawe mtu mmoja, na hakuna wa kumshtaki, kwani wote ni mali ya umma. Peter Pan ndiye aliyemshinda: alimtaka awe yule adui mkuu, lakini hakimiliki yake ilikuwa bado hai Ulaya. Kazi hiyo ikamwangukia Geppetto, mzee aliyemchonga Pinocchio. Kwangu huyo ni bora zaidi. Nani angemshuku fundi seremala?

Septemba 2023, baada ya kukorofishana na wachapishaji wake, DC, Willingham alitangaza kwamba Fables yenyewe ameitoa iwe mali ya umma. DC wakajibu kwamba ni mali yao na wataitetea. Koti la Bigby na mistari ya Medina vimo katika ugomvi huo. Mbwa mwitu mwenyewe hayumo, maana hata Willingham alimwokota tu.